Bangili za Mama na Shahada ya Mdogo Wangu



Mimi ni fundi wa nguo. Nimesoma mpaka Form Four, nikafanya kozi ya ushonaji, na leo namshukuru Mungu nina duka langu, vyerehani vitano na wasichana wanne ninaofanya nao kazi. Wengi wenu mnanijua kwa abaya na madira ya Sikukuu. Leo sitazungumzia mitindo. Leo nina hasira, na hasira hii nimekaa nayo miezi mingi. Nimeona niitoe hapa kabla hajaliwa mwengine.

Mdogo wangu ni muuguzi. Ana shahada ya uuguzi ya miaka minne aliyoisoma Bara, na baada ya hapo akafanya mwaka mzima wa mafunzo ya kazi hospitali. Mkopo wa serikali ulilipa sehemu tu ya ada. Kilichobaki kililipwa na cherehani yangu na maandazi ya mama. Nayasema haya si kwa kumsimanga, mdogo wangu anajua. Nayasema ili mjue kuwa ile shahada ukutani kwetu ina jasho la watu watatu.

Mwaka 2024, mwezi wa Septemba, Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya ajira kule Berlin. Kenya, si Tanzania. Zikaenea habari kuwa Ujerumani itachukua watu 250,000, na serikali ya Ujerumani yenyewe ikakanusha, ikasema makubaliano hayana idadi yoyote. Lakini ukanushaji haupigi hodi majumbani. Matangazo ndiyo yanayopiga. Na kwetu alikuja kijana mmoja, wakala, ana ofisi yenye kiyoyozi na picha ya ndege ukutani. Akatuambia Ujerumani inataka wauguzi, hilo ni kweli. Akatuambia shahada ya Tanzania haina kazi kule mpaka itambuliwe, na hilo nalo lina ukweli wake. Kisha akatuambia utambuzi huo haupatikani ila kwa kupitia watu maalumu, na yeye anawajua. Bei yake milioni nne na nusu.

Mama akavua bangili zake nne, zile alizopewa na marehemu baba. Nilikuwa naye kwa sonara. Sonara alipozitia kwenye mizani, mama aliangalia nje.

Siku ya kulipa nilimuuliza yule kijana: "Mwisho wa kazi mtatupa karatasi gani, na inatoka ofisi gani?" Akanitazama, akatabasamu, akasema: "Dada, haya ni mambo ya vyuo vikuu. Wewe ulisoma chuo gani?"

Nikanyamaza. Wallahi nilinyamaza. Mimi ninayebishana na wauza vitambaa mpaka wananipunguzia, siku hiyo nilimeza ulimi kwa sababu sina shahada.

Baada ya miezi minane tukapewa bahasha. Ndani yake karatasi moja iliyochapishwa kutoka kwenye kompyuta, Kijerumani kitupu, jina la chuo cha mdogo wangu limo, pembeni pana alama ya H na kujumlisha. Chini amegonga muhuri wa ofisi yake mwenyewe. "Imetambuliwa," akasema. "Sasa tuanze hatua ya pili, milioni mbili."

Tulichokikuta siku tulipouliza wenyewe

Usiku ule baada ya Isha nilikaa na mdogo wangu tukafungua simu. Yeye anajua Kiingereza, mimi najua kuuliza. Ndani ya saa mbili tulikuwa tumejua yote tuliyolipia milioni nne na nusu.

Karatasi ile imetoka kwenye hifadhi ya taarifa inayoitwa anabin. Ni ya serikali za Ujerumani na iko wazi kwenye intaneti. Mtu yeyote anaifungua, bila ya kujisajili wala kulipa senti. Imeandikwa kwa Kijerumani, lakini simu yako inaweza kuifasiri. Humo vyuo vikuu vya nchi mbalimbali vimepangwa kwa alama. H+ maana yake chuo hicho Ujerumani wanakihesabu kuwa ni chuo kikuu kweli. H- maana yake hawakihesabu. Na ipo ya katikati, H+/-, ambayo maana yake inategemea, inabidi uangalie zaidi.

Basi. Ile H+ tuliyouziwa ilikuwa inasema tu kwamba chuo cha mdogo wangu ni chuo. Haikusema neno moja kuhusu mdogo wangu. Ni sawa na mtu akuuzie karatasi inayosema duka ulilonunua kitambaa lipo kweli Darajani, kisha akwambie gauni lako limeshashonwa.

Tukaendelea kusoma. Kumbe Ujerumani inazigawa kazi mafungu mawili, na kila mama mwenye binti aliyesoma alijue hili kabla hajatoa shilingi.

Fungu la kwanza ni kazi ambazo sheria haimtaki mtu awe na leseni. Mtu wa kompyuta, aliyesoma biashara, aliyesoma uchumi, wengi wao wako humu. Hawa wanatakiwa waoneshe kuwa shahada yao inalingana na ya Ujerumani. Kama chuo na shahada vyote vimo kwenye anabin na vimekubaliwa, mara nyingi unachapisha kurasa zile unaziambatanisha na maombi ya viza. Kama shahada haimo, unaomba cheti cha ulinganisho kwa ofisi inayoitwa ZAB, iko Bonn. Ada yake ya cheti cha kwanza ni euro 208, haifiki hata shilingi milioni moja. Unaomba mwenyewe, kwa jina lako.

Fungu la pili ni kazi zenye leseni: daktari, muuguzi, mfamasia, mwalimu wa skuli za serikali. Hawa cheti cha ZAB peke yake hakiwapeleki kokote. Inabidi waombe kutambuliwa kwa mamlaka ya jimbo wanalokwenda kufanya kazi, na Ujerumani ina majimbo 16. Mamlaka ile inachukua masomo ya muuguzi wetu, somo kwa somo, saa za darasani na saa za wodini, inayalinganisha na mafunzo ya muuguzi wao. Yakipungua, wanamwandikia barua ya kumwambia kipi kimepungua. Barua ile si kukataliwa. Baada yake anaingia kozi ya kujaliza au anafanya mtihani, na kuna viza kabisa ya kumruhusu aende akafanye hayo kule kule. Kisha lugha: kwa muuguzi kawaida ni Kijerumani cha ngazi ya B2, yaani awe anamwelewa mgonjwa anapolalamika, na mgonjwa amwelewe yeye.

Kwa hiyo yule kijana hakutuuzia hata kitu sahihi. Alichukua karatasi ya bure ya fungu la kwanza akamuuzia mtu wa fungu la pili. Mdogo wangu alilia. Mimi sikulia. Nilimkumbuka yule kijana akiniuliza nimesoma chuo gani.

Wanauza woga wetu

Hoja yangu ni moja. Sisi tuliolipia shahada hizi kwa cherehani, kwa maandazi, kwa mwani, kwa kupika kwenye harusi za watu, tuna haki ya kuuliza. Na tunatakiwa kuuliza kabla, si baada. Mambo haya ya kutambuliwa kwa shahada yana njia ndefu na yanachosha, lakini si siri. Anayeyafanya siri anakula kwa siri hiyo. Bidhaa yake si utambuzi, bidhaa yake ni aibu yetu ya kutokusoma.

Tazama namna wanavyofanya. Hawazungumzi na binti peke yake, wanataka mama awepo, kwa sababu dhahabu iko kwa mama. Lakini mama akiuliza, wanajibu kwa Kiingereza. Dada akiuliza, anaulizwa chuo. Binti naye anaona haya kusema hajui, maana nyumba nzima inamwita msomi. Basi watu watatu wamekaa mbele ya meza, kila mmoja ananyamaza kwa sababu yake, na pesa inahesabiwa.

Na dini yetu haikutufundisha kunyamaza kwenye mali. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ile ya Suratul Baqara, inahusu nini? Kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandikiana, sisi tunatoa milioni nne na nusu kwa kupeana mkono na kuambiwa inshallah. Jina la Mungu tunalifanya risiti. Tukiombwa radhi baadae tunasema ni kadari. Kadari imo, lakini na uzembe umo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nina daftari la kila kitufe na kila zipu dukani kwangu. Kwa bangili za mama yangu sikuwa na hata mstari mmoja.

Msiniambie wazungu wanatudharau

Nimeshasikia majibu. Kuna wanaosema tatizo si wakala, tatizo ni wazungu: kwa nini waipime shahada yetu, wao ni nani? Dada zangu, hapa sikubaliani nanyi wote.

Kwanza, sisi wenyewe tunapima. Kijana wetu akitoka India, Malaysia au Sudan na shahada yake, anatakiwa aipeleke Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, itambuliwe ndiyo itumike hapa kwetu. Hakuna anayesema TCU wanamdharau. Pili, tusijisahau. Mwaka 2017 serikali ya Muungano iliwatoa kazini watumishi zaidi ya 9,900 kwa vyeti vya kughushi. Sisi kwa sisi tumedanganyana kiasi hicho, kisha tushangae mgeni akitaka kuhakikisha? Mtume wetu (SAW) alipita sokoni, akatia mkono kwenye chungu ya nafaka, akakuta chini imelowa na juu imewekwa kavu. Akamkemea mwenye mali. Kutia mkono ndani ya chungu si dharau, ni haki ya mnunuzi. Na mgonjwa wa Ujerumani aliyelala kitandani ana haki ya kujua kuwa anayemchoma sindano amefundishwa kuchoma sindano.

Lakini nitakubaliana nanyi kwa jambo jengine, na hili nalisema kwa sauti. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo inazihesabu kuwa zinasema Kiingereza, ambazo watu wake hawaombwi ushahidi wa lugha wanapoomba viza ya kazi. Hakuna hata nchi moja ya Afrika ndani yake. Waliotutawala kwa Kiingereza, wakatuachia mitihani ya Kiingereza, ambao vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, leo binti wa chuo kikuu cha kwetu anatakiwa alipe mtihani wa lugha au alipe cheti cha kuthibitisha kuwa shahada yake ilifundishwa kwa Kiingereza. Hapo pana dhuluma, na wenye nafasi ya kusema huko juu waseme.

Ila dhuluma ya mbali isitufiche dhuluma ya mtaani. Serikali ya Uingereza haikuvua bangili za mama yangu. Aliyezivua anasali msikiti mmoja na mjomba wangu.

Na kwa kuwa nimeitaja Uingereza, nimalize jambo lake hapa hapa. Mpaka leo kuna wanaokusanya pesa kwa wasichana wetu kwa ajili ya viza ya kwenda kulea wazee kule. Njia hiyo ilifungwa kwa waombaji wapya wa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Imefungwa. Anayekuuzia leo anakuuzia mlango uliojengwa ukuta. Na hata kwa kazi zilizobaki, viza ile inaanzia kwa mwajiri mwenye kibali, yeye ndiye anayekupa barua ya udhamini, haiuzwi na mtu kwenye WhatsApp.

Na nyumbani kwetu je?

Sitamaliza kwa wakala peke yake, maana ningekuwa muongo. Tulipoanza upya, bila ya wakala, tulikutana na vikwazo vitatu, na vyote vitatu ni vya kwetu.

Cha kwanza ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu kina majina matatu. Cheti cha Form Four kina mawili. Pasipoti ina matatu, lakini jina lake la kwanza lina herufi moja zaidi kuliko la kwenye shahada. Kwetu hilo si kitu, Fatma na Fatuma na Fatima tunamwita mtu mmoja na anaitika. Kwa anayesoma nyaraka Ujerumani hao ni watu watatu. Ikabidi tuende kula kiapo cha majina na kulipia. Enyi kina mama wenye watoto wa darasa la kwanza, nakuombeni: jina moja, herufi zile zile, kuanzia cheti cha kuzaliwa. Mwalimu akiandika vyengine, rudi skuli siku hiyo hiyo. Hili halitaki shahada wala pesa, linataka mama mkaidi.

Cha pili ni vyuo vyetu. Wajerumani walitaka saa: muuguzi huyu kasoma saa ngapi za upasuaji, saa ngapi za watoto, kafanya wodi zipi. Karatasi ya matokeo ya mdogo wangu ina alama na majina ya masomo tu. Barua ya saa tuliifuatilia miezi mitatu. Mara aliyehusika yuko likizo, mara muhuri haupo, mara "njoo Jumatatu", na sisi tuko Unguja, Jumatatu yao ni nauli ya boti. Vyuo vyetu mnachukua ada kwa wakati, mkichelewa kulipwa mnamzuia mtoto mtihani. Basi na barua mziandike kwa wakati. Mjue pia kuwa kwa wanaokwenda Ghuba kwenye kazi za hospitali, mhakiki haridhiki na nakala ya mtoto wenu, anawaandikia nyinyi chuo moja kwa moja kuuliza. Barua pepe yake msipoijibu, binti wa watu anaonekana muongo na yeye ana shahada ya halali. Na mnakumbuka Aprili 2023, vita vilipoanza Sudan, wanafunzi wetu wakarudishwa kutoka Khartoum wengine na nguo walizovaa tu. Wale walikuwa na udhuru, chuo chao kilikuwa vitani. Nyinyi udhuru wenu ni upi?

Cha tatu ni sisi, ukoo. Tulimwambia mdogo wangu asome uuguzi kwa sababu "utapata kazi popote duniani". Nani alituambia popote? Hakuna shahada ya popote. Kila nchi ina mlango wake na kipimo chake. Mimi nikishona abaya nachukua vipimo vya atakayeivaa, sichukui vyangu. Kama mtoto ana nia ya kwenda nje, uliza mlango wa huko unataka nini kabla hajajaza fomu ya chuo: chuo chenyewe kimo kwenye orodha yao? Kazi hiyo ina leseni? Lugha gani? Saa mbili za simu usiku mmoja. Tunatumia muda mwingi zaidi kuchagua rangi ya sare ya harusi.

Na ukoo huo huo, binti akirudi mikono mitupu, unamcheka. "Shahada yake haikutambuliwa." Nimelisikia kwenye shughuli, linasemwa kwa kijiko cha biriani mdomoni. Binti yule hakufeli. Amekatwa vipimo vya nguo ambayo hakuwahi kuoneshwa. Wapo wenye shahada zao wanaofagia nyumba za watu ughaibuni kwa sababu hawana uso wa kurudi kwenye vijiko hivyo. Dhambi hiyo nayo ina wenyewe.

Wanaosema nafunga riziki za watu

Dada mmoja aliponisikia nikiyasema haya dukani aliniambia: "Unawavunja moyo watoto. Si mawakala wote ni wabaya." Kweli, si wote. Wapo wanaokusaidia kujaza fomu na kufasiri nyaraka, wanakwambia bei, wanakupa risiti, na wanakwambia mapema kuwa uamuzi uko kwa wenye nchi. Huyo mlipe, kazi yake ni halali kama yangu. Simkatazi mtu kutafuta riziki, na la mwanamke kusafiri peke yake sikuligusa, hilo muulizeni sheikh wenu na wazee wenu. Mimi nazungumzia pesa na ukweli.

Kwa hiyo akija wakala kwenu, muulizeni haya, na aulize yule yule asiyesoma, kwa sauti:

Kazi hii kule ina leseni au haina? Asiyejua jibu hajui kazi yake.

Ofisi gani hasa itatoa uamuzi, na ada yake ya serikali ni kiasi gani? Ada ya serikali inaandikwa wazi. Kinachozidi ni chake, akitaje.

Maombi yataandikwa kwa jina na barua pepe ya nani? Yawe ya binti. Wakala akishika barua pepe, ameshika shingo.

Shahada ya asili itabaki kwa nani? Ibaki nyumbani. Toa nakala zilizothibitishwa.

Wakikataa, nini kinarudi? Aandike, asaini, na mashahidi wasaini.

Akikwambia anaweza "kuipandisha" shahada au kuongeza alama, inuka utoke. Hiyo si njia ya mkato, ni kughushi, na atakayekamatwa uwanja wa ndege ni mwanao, si yeye. Chumo lote litakalokuja juu ya karatasi ile litakuwa na doa.

Na kabla ya hayo yote, fungueni wenyewe. Serikali ya Ujerumani ina tovuti inaitwa Make it in Germany, na nyengine Anerkennung in Deutschland. Zote zina Kiingereza na ni bure. Unaandika kazi yako, inakuonesha ofisi ya kwenda. Binti asome, mama aulize. Istikhara ni sunna, lakini istikhara haisomi fomu kwa niaba yako.

Tulipofika

Yule kijana tulimfuata. Alirejesha laki nane, kisha ofisi ikahama. Sikumtaja jina hapa na sitamtaja, tumempeleka panapostahiki na tunasubiri.

Mdogo wangu anafanya kazi zahanati ya mtu binafsi, jioni anasoma Kijerumani. Amefika B1, ananichosha kwa kusema na cherehani zangu kwa Kijerumani. Barua ya saa imepatikana. Kiapo cha majina kimepatikana. Maombi yake yatakwenda jimboni kwa jina lake mwenyewe, na mimi ndiye niliyekaa naye kuzipanga karatasi moja moja, mimi wa Form Four. Huenda wakampa, huenda wakamwandikia barua ya yaliyopungua. Vyovyote itakavyokuwa, tutajua tumepewa nini na nani katupa.

Mama hajawahi kunilaumu. Ila akitia unga mikononi, huwa anaupandisha mkono wake wa kulia kama anayesukuma bangili juu zisichafuke. Hazipo. Mkono bado haujazoea.

Wanawake wenzangu, nawaomba jambo moja tu. Siku mtu akikuuliza "wewe ulisoma chuo gani?", usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Mjibu: "Mimi ndiye niliyelipa ada. Sasa nijibu nilichokuuliza."

Mwenyezi Mungu atuhifadhie mali zetu na watoto wetu, awafungulie milango ya kheri, na azirejeshe haki kwa wenyewe. Amin.